Ndani ya Ngozi ya Chenene

Jumamosi, 8 Juni 1957

Bango limefika leo, hadithi bado. Ndivyo Milt Gersh anavyotengeneza filamu zake. Kwanza anampa mchoraji jina, mchoraji anachora bango, wenye viwanja vya kuonyeshea sinema wanalitazama na kusema tunaitaka hiyo, ndipo Milt anakwenda kutafuta mtu wa kuandika kisa. Safari hii jina ni *Chenene Aliyetoka Motoni*. Bomu la atomiki limelipuliwa jangwani, na chenene aliyekuwa amejilalia zake chini ya mchanga amevimba mpaka akampita mtu kwa urefu, na sasa hana rafiki duniani. Kwenye bango amesimama kwa miguu miwili, upara unamng'aa, na mikononi amembeba msichana aliyezimia.

Milt kalibandika kwenye ukuta wa gereji yangu kwa pini zangu mwenyewe. Kasema, "Hettie dada, huyo hapo. Nishonee."

Nikamjibu kwamba mbona kazi yenyewe ndogo. Mimi Henrietta Stroud nimeshona sidiria na mikanda ya tumbo miaka kumi na tisa. Aliyeweza kuubana mwili wa bibi wa Pasadena ukakaa anavyotaka mwenyewe hashindwi na mdudu.

Jumatatu, 10 Juni

Nimeaga kiwandani. Bi. Pruitt, msimamizi wetu, alinitazama juu ya miwani, kisha akasema cherehani yangu ataniwekea hadi Siku ya Wafanyakazi, ile Jumatatu ya kwanza ya Septemba. Jumanne yake nisipoonekana, anampa mwingine. Nilimshukuru kwa adabu na moyoni nikamwambia aanze kumtafuta huyo mwingine.

Mama yeye hakuficha. Tumekula mkate wa nyama, kisha akaweka uma chini na kusema kwamba mume aliniacha akaondoka na gari, hilo halikuwa kosa langu, lakini kazi hii naiacha mwenyewe kwa miguu yangu. Nilimweleza mpango wote. Filamu hii ikipokelewa vizuri, Milt ananipa madude mawili yanayofuata, na jina langu litaandikwa kwenye pazia la sinema herufi kubwa: *Chenene, kazi ya Henrietta Stroud*. Isipopokelewa, narudi kwa Bi. Pruitt nikiwa nimeinamisha kichwa.

Mama akasema, "Mpira wa mkanda au mpira wa mdudu, ni mpira tu, mwanangu."

Jumapili, 16 Juni

Nimeanza kukata. Povu la mpira kwa nyama, utomvu wa mpira kwa ngozi, na kwa uti wa mgongo nimetumia zile fito za chuma tunazotia kwenye mikanda ya tumbo. Dude limesimama lenyewe bila mtu ndani. Nalijaribia mwilini mwangu, kwa kuwa mwili ulio karibu ni huo, na mimi si mfupi. Mama aliingia kuchukua ndoo akakuta kiwiliwili kimesimama gizani, akatoka bila ndoo.

Jumatano, 19 Juni

Joto. Povu. Gundi. Kichwa kinaniuma.

Alhamisi, 20 Juni

Joto zaidi. Gundi ileile.

Jumatatu, 24 Juni

Ameletwa wa kuvaa. Anaitwa Orville Dunphy, anauza petroli pale njia panda, na amechaguliwa kwa sababu moja, kwamba anainama kila mlango. Nimelazimika kupasua mishono na kutia vipande mbavuni na miguuni. Mtu mpole, haongei mpaka aulizwe. Nilipomfunga zipu akasimama humo kitambo, kisha nikasikia sauti ndani ya tumbo la dude ikiuliza kama naruhusu apige chafya. Nikamwambia apige, ila kwa adabu.

Ijumaa, 5 Julai

Alfajiri Mama ameniamsha nije dirishani. Upande wa Nevada mbingu iliwaka nyeupe, bila sauti, ikazima. Wamelipua bomu lingine. Jirani naye alikuwa nje na kikombe chake cha kahawa, akanipungia mkono, nami nikampungia, kama watu walioona mvua. Mama alivuta pazia akasema kwamba watu wenye akili zao wanaogopa hicho, halafu mimi nashona mdudu. Nikamwambia ndiyo maana nashona. Hicho hakuna anayeweza kukitazama usoni, mdudu wangu wanaweza kumtazama, na baada ya saa moja na nusu wanakwenda nyumbani kulala. Nilijiona nimesema maneno ya maana sana kwa mtu asiyekuwa amekunywa chai.

Jumamosi, 13 Julai

Limekwisha. Sina la kuongeza ila kwamba mbwa wa jirani amehamia chini ya nyumba na hataki kutoka.

Jumatatu, 22 Julai

Siku ya kwanza ya kupiga picha, jangwani karibu na Lancaster. Filamu nzima inapigwa kwa siku sita. Milt harudii tukio. Mtu akijikwaa, amejikwaa. Na katika kisa wanaandika kwamba mionzi ilimlegeza magoti.

Nimemwona atakayebebwa. Jina la kazi ni Yvonne Delacourt, la nyumbani ni Bertha. Amekuja na mwavuli wake, kiti chake na tupa ya kucha. Kutwa nzima amekaa kivulini akinoa kucha, na alipoulizwa kama anamwogopa chenene akasema anaogopa jua. Mwanasesere. Nimemwambia Orville akimbeba asimkamue, asije akavunjika.

Jumanne, 23 Julai

Wanasayansi wa filamu wamezungumza mbele ya ramani kutwa nzima. Ramani yenyewe ni ya barabara za Ohio, imegeuzwa kichwa chini. Nimelala.

Alhamisi, 25 Julai

Naandika kwa hasira.

Karibu na tulipo pana mkulima wa majani ya ng'ombe, na mkulima ana bwawa. Milt kaliona jana akipita na gari. Leo asubuhi kaja kwangu anacheka mpaka masikio, anasema chenene atatokea majini, maana mwenye bwawa karuhusu bure. Kwa Milt kitu kikiwa bure huwa kinaingia kwenye filamu, kiwe kinahusika au hakihusiki. Nikamwambia, tena mbele ya watu, kwamba chenene ni mdudu wa mchanga, na kwamba mimi sikumshona aoge. Wahenga walisema ukiona vyaelea vimeundwa. Basi langu sikuliunda lielee. Akanipigapiga bega akasema ni dakika moja tu.

Orville aliniangalia. Alikuwa keshavaa, amebaki kichwa. Ningemkataza asingeingia, najua, maana ananisikiliza kuliko anavyomsikiliza Milt. Lakini nilikuwa nimekwisha kusema mara moja, na kiburi changu hakipendi kusema jambo mara mbili. Nikamvika kichwa nikafunga.

Aliingia hadi kiunoni, akachuchumaa kama alivyoambiwa. Milt akapiga kelele kamera iende. Mapovu yakatoka. Kisha yakaendelea kutoka. Povu la mpira likiingia maji linakunywa kama ng'ombe, na dude lile linalobebeka na mtu mmoja lilikuwa limegeuka mzigo wa kubebwa na sita. Niliona kichwa cha upara kinajaribu kupanda, kinashuka. Mtu wa kamera akasema kwamba huyo mtu anaigiza vizuri sana.

Sikumbuki nilivyoingia. Nakumbuka viatu vyangu vilibaki kwenye tope, na kwamba aliyekuwa mbele yangu majini, sketi imempanda kifuani, alikuwa Yvonne. Yeye ndiye aliyeipata zipu. Aling'oa kichwa kwa kucha zile alizozinoa wiki nzima, tukamvuta Orville hadi ukingoni, akatapika maji ya mkulima juu ya mapaja yangu. Akaomba radhi kwa kuharibu picha.

Nilimwendea Milt. Sitaandika niliyomwambia, daftari hili nalilaza chini ya mto na Mama hutandika kitanda. Alikuwa mweupe kama karatasi, akarudia mara nyingi kwamba hakujua. Namsadiki, hakujua. Nami nilijua nikanyamaza, kwa hiyo jioni nimekwenda kwa Orville hospitalini nikamwambia hivyohivyo. Amepasuka msuli wa mgongo, hawezi kunyanyua hata mtoto. Kasema, "Usijali, dada. Nimeona samaki."

Ijumaa, 26 Julai

Balaa halitembei peke yake. Wasaidizi wa Milt walilianika dude mbele ya taa zote za filamu lipate kukauka upesi, bila kuniuliza. Limekauka, na limesinyaa. Nilikuta mikono imerudi juu, mbavu zimeingia ndani. Alijaribishwa dereva, likamkwama mapajani. Akajaribishwa mtu wa taa, halikupita mabegani.

Milt alinikalisha kwenye ngazi ya lori. Kasema kesho ni siku ya mwisho, kamera ni ya kukodi na inarudi Jumapili. Wenye sinema wamenunua bango, na kwenye bango pana msichana mikononi. Lisipokuwepo tukio hilo wanamrudishia filamu yake. Shemeji yake analo vazi la dubu, lililokuwa likitumika kutangazia aiskrimu. Atalibandika upara. Alisema haya akiangalia viatu vyake.

Wakati huohuo king'ora cha tahadhari kikalia mjini, kama kinavyolia kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi kujaribiwa, na kule nyuma wanasayansi walikuwa katikati ya maneno yao. Milt hakuwasimamisha. Aliinua kidole, akasikiliza, akasema, "Hicho nacho bure." Nilikuwa na huzuni ya kufa, nikacheka.

Kisha nikamwambia aache dubu alale. Dude hili lilipimwa kwanza kwenye mwili mmoja, kabla ya vipande vya Orville, na mwili huo umekaa hapa kwenye ngazi.

Jumamosi, 27 Julai

Limeniingia kama glavu.

Nitaandika yote, maana nataka niyakumbuke. Ndani ya chenene kuna giza, kuna harufu ya gundi na ya bwawa, na unaona kwa tundu mbili chini ya kidevu chake, kwa hiyo dunia nzima unaiona kuanzia magotini kushuka. Jasho lilianza kunichuruzika kabla sijapiga hatua. Wale niliowaona wavivu kwenye filamu za wenzetu, wanaotembea wakiyumba, nawaomba msamaha wote.

Mara ya kwanza nilimnyanyua Yvonne nikaenda hatua chache magoti yakakataa. Makucha ya kuchimbia hayana kiganja, hayana pa kushikia, nilikuwa nimeyashona yapendeze tu. Akateleza, nikamwangusha mchangani. Utepe wa filamu uliobaki ulitosha mara moja tu. Nilisikia mtu akiuliza simu iliyo karibu iko wapi, nikajua ni ya kumpigia shemeji wa dubu.

Ndipo nikaona viatu vya Yvonne vimesimama mbele ya tundu zangu. Alikuja mpaka kwenye kidevu akaongea humo ndani, taratibu, watu wasisikie.

"Dada Hettie, sikiliza. Mimi nilikuwa nabebwa kwenye maonyesho ya Fresno na mtu wa nguvu, kila siku mara nne, misimu miwili. Kubebwa ni kazi. Wewe ulikuwa unanibeba kama gunia, nami nililala kama gunia. Safari hii nakaza mgongo, na huu mkono ambao kamera haiuoni naupitisha nyuma ya shingo yako najining'iniza. Nusu ya uzito nitabeba mwenyewe. Wewe usinifikirie kabisa. Wewe tembea."

Nikamwambia mdudu sijui anatembeaje.

"Usitembee kama mdudu. Tembea kama unakwenda kumfokea mtu."

Nikamfikiria mwenye nyumba wetu, aliyekataa kutuzibia bomba majira yote ya baridi, na jinsi nilivyouvuka uwanja wake asubuhi ile na ndoo mkononi. Milt akapiga kelele. Nikamnyanyua Yvonne, akapanda kama mkate unaoumuka, nikaanza. Niliuvuka ule mchanga wote. Niliipita alama waliyoniwekea, nikaipita kamera, nikalipita na gari la chakula, hawakuweza kunisimamisha kwa sababu sikuwa nasikia kitu, mpaka Yvonne akanigonga kichwani akasema inatosha, dada, tumeshafika Lancaster.

Walipofungua zipu nilitoka na mvuke. Nimemkumbatia yule mwanasesere mbele ya wote, nikamwomba radhi kwa mambo ambayo hakuyajua. Akasema aliyajua, uso wangu hauna pazia. Milt alikuwa anapangusa macho kwa bango.

Jumapili, 28 Julai

Siwezi kuinua kalamu.

Jumatano, 14 Agosti

Milt kaja na keki ya ndimu. Nilijua kuna jambo, Milt haji na keki.

Jina langu halitakuwepo. Wameamua kutangaza kwamba chenene ni wa kweli, amekamatwa jangwani akafunzwa. Kwa hiyo kwenye orodha ya waigizaji, mbele ya neno Chenene, pameandikwa YEYE MWENYEWE. Kasema, "Dada, nikiandika jina lako nimewaambia watu ni mpira." Kuhusu madude mawili yanayofuata ahadi iko palepale, lakini wenye sinema watakuja wenyewe usiku wa kwanza kusikiliza honi za watu watakaoitazama ndani ya magari yao, nao ndio wenye neno la mwisho.

Niliumia. Nilikula vipande vitatu vya keki yake na bado niliumia. Mama alikuwa anasikiliza toka jikoni, na sikumsikia akisema nilikwambia. Hilo ndilo lililonitisha.

Jumanne, 20 Agosti

Bi. Pruitt kapiga simu. Anauliza tu.

Jumamosi, 31 Agosti

Tumerudi sasa hivi. Mama amekwenda kulala.

Tulikwenda kwenye sinema ya uwanjani na gari la Orville, yeye usukani na mkanda wake wa mgongo, Mama katikati, mimi dirishani na kipaza sauti kimening'inia kwenye kioo. Uwanja ulijaa, magari mstari kwa mstari, watoto na nguo zao za kulalia juu ya mabati ya magari. Wenye sinema walikuwa wamekaa kwenye viti vya kukunja kando ya kibanda cha bisi. Huku mtu asipopendezwa hapigi makofi wala hazomei, anapiga honi, na honi moja ikianza zote hufuata.

Jina likapita. YEYE MWENYEWE. Orville alinigusa kiwiko. Nilisema siumii, nikatazama pembeni.

Wanasayansi walipofika kwenye ramani honi zikaanza. Kulipolia king'ora zikatulia kidogo, kisha zikarudi. Bwawa lilipotokea, na lile dude likazama lisiibuke, kijana mmoja kwenye gari la nyuma alipaza sauti kwamba bafu limemshinda, uwanja mzima ukacheka. Magari mawili yaliwasha taa yakaondoka. Mmoja wa wenye sinema aliinuka, akakunja kiti chake. Nilijiona nimekaa mbele ya cherehani ile, nina mkanda wa tumbo wa pinki mkononi, Bi. Pruitt ananitazama juu ya miwani.

Ndipo akatokea juu ya kilima cha mchanga, msichana mikononi. Milt ameondoa muziki wote. Ni hatua tu. Anakuja moja kwa moja, haharakishi, hayumbi, kama mwenye haki yake, na kila akikaribia unazidi kuamini kwamba hakuna wa kumzuia. Honi ya mwisho ilikatika katikati. Watoto walishuka toka juu ya mabati wakaingia ndani kwa wazazi. Uwanja wote ulinyamaza mpaka nikasikia umeme kwenye waya za vipaza sauti. Yule aliyekunja kiti alikuwa amesimama nacho, hajakikunjua wala hajaondoka.

Mama alinishika goti. Sikuwa nimemwambia ni nani aliyevaa. Anajua tu kwamba Orville aliumia, na mimi sikutaka kusikia kelele zake kuhusu umri wangu.

Akainama akaninong'oneza, "Huyo ni wewe."

Nikamwambia ni chenene, Mama, imeandikwa.

"Nimekuzaa mimi. Ndivyo ulivyokwenda kwa mwenye nyumba, siku ya bomba."

Nililia kwenye kipaza sauti cha watu. Filamu ilipokwisha magari yote yaliwasha na kuzima taa mara kwa mara, na huko ndiko kupenda kwa huku. Milt alikuja mbio akaingiza kichwa dirishani, akasema wanataka madude yote mawili na bango la dude la kwanza amekwisha kuliagiza kwa mchoraji. Nikamwuliza ni dude gani. Akasema jongoo. Mama akamwuliza kama jongoo huyo ataogeshwa, na Milt akasema hapana mama, naapa.

Jumanne, 3 Septemba

Nimechelewa kuamka. Nimemkuta Mama jikoni anarudisha simu mahali pake, kavaa kofia ya kanisani. Kasema alikuwa anaongea na Bi. Pruitt, nisipate taabu ya kupiga mwenyewe.

Nimemwuliza kamwambia nini.

"Nimemwambia ile cherehani ampe mwingine. Akataka kujua umepata kazi gani." Akanimiminia kahawa, akaisogeza mbele yangu. "Nimemwambia binti yangu ni chenene."